Mkwaruzo Kwenye Mdomo wa Kalibu

Msimu ule kuta za kiwanda zilikuwa zinalia. Kila mwaka, baridi ikiondoka kwetu Foshan, nchini China, na upepo wa kusini ukirudi, unyevu hutambaa mpaka ndani ya mito ya kulalia, sakafu huteleza, na profaili za alumini, zile fito za kutengenezea fremu, zikipangwa bila karatasi katikati huota madoa meusi. Kwa hiyo mnunuzi wa fremu za madirisha aliporudisha mzigo wake, kila mtu aliomba iwe ni unyevu. Unyevu hauna mwenyewe, hakuna wa kulaumiwa.

Haukuwa unyevu.

Bosi Mok alikitupa kipande kimoja juu ya meza ya baba yangu.

"Fundi Lok, hebu pitisha kucha."

Baba alifuga kucha moja ndefu, ya dole gumba la kulia. Mafundi wa kalibu wa kwetu wote wanayo. Mama alikuwa akisema hiyo ndiyo mke mkubwa na yeye ni mke mdogo. Baba akaipitisha juu ya alumini taratibu, kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili. Kucha ikakwama.

"Mstari," Bosi akasema. "Umeanza mwanzo wa profaili, umekwenda mpaka mwisho. Mzigo mzima uko hivyo."

"Kalibu zangu hazikwaruzi," baba akajibu. "Waulize wa mashineni. Gogo la alumini likiingia na uchafu, unategemea nini?"

Faat, mkuu wa mashine, akacheka hadi tumbo likatikisika. "Gogo langu nalipiga brashi mpaka unaweza kulioa, Fundi! Na uchafu hukwaruza ovyo ovyo, kama paka. Huu mstari umenyooka kama njia ya reli. Mstari ulionyooka una mama mmoja tu, na mama yake ni mdomo wa kalibu."

Alikuwa anasema kweli, na mimi nilijua kuliko wote waliosimama pale.

Kalibu ni kisahani kinene cha chuma chenye upenyo katikati. Alumini iliyopata moto husukumwa ndani yake ikatokea upande wa pili kama tambi, na umbo la upenyo ndilo umbo la profaili. Ukwaru, yaani kijinundu cha chuma, ukibaki ndani ya upenyo huo, hata mdogo kama chembe ya chumvi, utaandikwa juu ya alumini kwa urefu wote. Ndiyo maana fundi hukaa na kijiti chenye msasa laini, akisugua kwa kufuata njia ya alumini, kamwe si kwa kuikata njia. Kucha haifiki mle. Mle hufika jicho peke yake, na taa.

Na jicho la baba lilikuwa limekufa. Ukungu ulikuwa umeingia macho yote mawili, na hospitali hakutaka kusikia, maana kiwanda kizima kingejua. Hakuniambia. Mimi pia sikumwambia kwamba nimeona. Kila alipotoka kuvuta sigara niliitwaa kalibu aliyoimaliza, nikaielekeza kwenye taa, nikaisugua upya. Akirudi anaibeba kwenda tanurini, alumini inatoka safi kama maji ya kisima, na watu wanasema, huyo ndiye Lok! Niliuma meno. Mikono ilikuwa yangu na jina lilikuwa lake.

Nilikuwa nimepata nafasi ya fundi mitambo katika meli, bandari ya Zhuhai. Siku nilizokwenda huko kupimwa afya ndizo siku kalibu za baba zilipokwenda mashineni bila mkono wangu. Mzigo uliorudi ulitoka siku hizo. Na asubuhi ile rafiki yangu Kwok alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya chai, na begi langu chini ya kiti chake. Basi la bandarini lilikuwa la alasiri.

Nilikuwa bado huru kuondoka. Kwetu, mwanafunzi humpigia fundi magoti na kumpa kikombe cha chai kwa mikono miwili. Fundi akinywa, yamekwisha: huiachi meza yake mpaka yeye mwenyewe aweke tupa chini. Kila mwaka mpya baba alinikumbusha kikombe, na kila mwaka mpya nilizua udhuru.

"Tusigombane," Bosi Mok akasema. "Kalibu ile ile, Fundi Lok ataisafisha hapa, mbele yetu. Alumini ikitoka safi, kosa ni la Faat, na ataomba radhi. Ikitoka na mstari, Fundi atakwenda kupumzika nyumbani. Miaka yote hii! Kupumzika si aibu."

Kila mtu alijua kwamba ni aibu.

Baba akakaa. "San," akaniita. "Shika taa."

Faat akaleta birika, akawamiminia waliokuja kutazama. Kwetu, ukimiminiwa chai unagonga meza kwa vidole viwili; ndiyo asante yetu, mkono unagonga wenyewe hata mdomo ukiwa unatukana. Pale mezani vidole vikawa vinagonga huku na huku. Mimi nikaishika taa nyuma ya kalibu, nikachungulia ndani ya upenyo. Nikauona ukwaru upande wa kushoto, pale mng'aro ulipokatika. Kijiti cha baba kilikuwa kinahangaika upande wa kulia, kikisugua pasipo na kitu.

Kusema siwezi. Kumshika mkono siwezi. Kijiti kikavuka kuja kushoto, kikafika palepale, na vidole vyangu viwili vikagonga meza.

Kijiti kikasimama.

Hakunitazama wala hakuuliza. Alisugua pale pale, polepole, kwa kufuata njia, mpaka nikaacha kugonga. Kisha akaanza kutambaza tena, akisubiri. Ndipo nilipoelewa: alikuwa anajua. Kila mara alipotoka kuvuta sigara, alitoka ili kuniachia kalibu.

"San leo ana adabu," Faat akasema. "Anashukuru mpaka chai ya wenzake."

"Alilelewa," baba akajibu, na watu wakacheka.

Ukwaru mmoja ulikuwa umebaki, kwenye kona, mdogo. Kijiti kikaja juu yake. Nikaviona vidole vyangu vimelala mezani. Nikinyamaza tu, mstari utatokea, mzee atapelekwa nyumbani, na mimi nitakuwa ndani ya basi. Hakuna atakayejua. Nisingekuwa nimesema uongo hata mmoja! Bahari yote ile, kwa kunyamaza tu. Kijiti kikapita. Kikarudi. Kikakaa juu ya kona kama mtu aliyebisha hodi akasikia kimya, na hataki kubisha mara ya pili.

Nikagonga.

Kalibu ikaingia tanurini kupata moto, tukala wali na bata wa kuchoma. Kwok akatuma ujumbe: Unakuja, au nikauze begi? Baadaye mashine ikanguruma, na alumini ikatoka, ndefu, nyeupe, ikibebwa na glavu safi kwenda mezani kupoa. Bosi hakumwamini mtu. Alimngoja baba mwenyewe apitishe kucha.

Kucha ikateleza mwanzo hadi mwisho.

"Nakuomba radhi, Fundi," Faat akasema, kichwa chini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Hakuwa na kosa. Nikatazama pembeni.

Bosi Mok alikuwa ananitazama mimi. Si mjinga yule. Kiwanda hakikujengwa na mjinga. "Basi dawa ya mikwaruzo tumeipata," akasema. "Fundi Lok akishikiwa taa na mwanawe, alumini inatoka safi. Basi kikombe kitolewe leo, hapa hapa. Faat, chai imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Walisogea wakafanya duara, na duara halikuwa na mlango. Kukataa mbele yao kulikuwa ni kumvua baba nguo nilizotoka kumvisha. Nikapiga magoti. Nikainua kikombe kwa mikono miwili.

Baba hakukipokea. Aliinama, na macho yake yenye ukungu yakanikosa kidogo, yakatazama sikio langu.

"Basi lako linaondoka saa ngapi?" akanong'ona.

Kumbe na hilo alilijua.

"Sasa hivi, Baba."

"Ungeweza kuacha kugonga."

"Ningeweza."

Kikombe kilikuwa kinaniunguza vidole. Faat akakohoa. "Fundi, kunywa! Mtoto atageuka sanamu."

"Zimebaki kalibu ngapi mezani?" baba akaninong'oneza.

"Meza nzima."

Nilimwona anataka kusema kitu, kisha nikamwona anaogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu akiogopa. Akakitwaa kikombe, akanywa yote, na watu wakapiga makofi.

Nikainuka. Magoti ya suruali yalikuwa yamelowa kwa maji ya sakafu. Ng'ambo ya barabara honi ya basi ikalia, ndefu. Baba akageuza uso kuelekea upande ule, halafu akarudi kwenye meza na kuanza kupapasa akitafuta kijiti. Nikamtia kijiti mkononi. Nikakitoa tena.

Nikaivuta kalibu iliyofuata, nikaielekeza kwenye taa, nikaanza kusugua. Safari hii sikumngoja atoke kuvuta sigara.