Shingo ya Usukani

Muuza mayai alijitapa mtaa mzima kwamba katika maisha yake ya baiskeli hajaanguka hata siku moja. Ukimbana, alikuwa akifafanua: kuanguka ni mbele za watu, kwingine kote alikuwa anapumzika chini.

Basi wiki hiyo alipumzika sana. Mumewe, dereva mstaafu mwenye kitambi cha heshima, alikuwa amembadilishia shingo ya usukani, yaani kile chuma kinachoushika usukani kwa mbele. Ile fupi ya zamani ilikatika, alisema, akaitupa. Hii nyingine ilikuwa ndefu kama ulimi wa mbea.

"Ukiinama hivi, mama watoto, upepo haukugusi."

Upepo haukumgusa kweli, maana alikuwa amelala kifudifudi juu ya baiskeli kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Uzito wake, na wa kapu la mayai lililoning'inia kwenye usukani, wote ukalemea gurudumu la mbele. Akitaka kukata kona, mikono ilibidi izunguke mbali kama anayefagia uwanja, na baiskeli ifikirie kwanza. Siku hiyo ilifikiria mno: ikapita lango la mwoka mikate, ikaingia kwa kinyozi.

Mwoka mikate alichungulia kapuni, akaguna.

"Dada, mimi nanunua mayai, sinunui rojo. Kesho yakija hivi tena, natafuta mtu mwingine."

Na bila mteja huyo, kilichobaki kuuza ni kuku wenyewe.

Jioni mumewe akachukua spana, akaigeuza ile shingo ielekee nyuma. Sasa usukani ukamjia mwenye baiskeli kifuani. Akaijaribu uani: akipiga chafya, gurudumu limekwisha geuka, akikata kona, goti linagonga usukani.

"Hii ni baiskeli au ina mashetani?"

"Utaizoea tu, mke wangu."

"Kama nilivyokuzoea wewe? Miaka yote hiyo naitoa wapi tena?"

Asubuhi akaamua kuikokota. Majirani walimsalimia kwa furaha isiyo ya kawaida. "Leo mnatembea wote wawili?" Akawajibu kwamba baiskeli imechoka kumbeba, inataka mazungumzo.

Mayai yalifika mazima. Mwoka mikate alikuwa bado anayageuzageuza pale langoni, akitafuta ufa kwa bidii, baiskeli nyingine ilipokata kona, laini kama kisu kwenye siagi, ikaingia. Juu yake mumewe, mgongo wima, kitambi kimetulia, kaja kununua mkate.

Muuza mayai akaitazama vizuri. Ilikuwa ile baiskeli ya mbio, ya mtumba, ambayo mumewe aliilalamikia kila jioni kwamba shingo yake ndefu inamvunja kiuno. Leo kiuno hakikuwa na neno.

"Baba watoto, naona shingo yako imefupika."

"Eh... fundi kaipunguza."

"Kaipunguza, halafu akaipaka nini hiki cha njano?"

"Rangi, mama. Hiyo ni rangi ya kiwandani."

Mwoka mikate akaweka yai chini, akainama, akakwangua kwa ukucha, akanusa.

"Shemeji," alisema, akijifuta kidole kwenye aproni, "kumbe kiwanda chenyewe kinataga!"