Sharti la Kumi na Moja

Verlene Stokes alikuwa akikunja shuka za makao ya wazee, bado za moto kutoka kwenye mashine, alipotazama saa ya ukutani. Saa mbili na nusu. Kesi yake ilikuwa saa tatu.

"We nenda, hizi n'tamalizia," alisema Odessa, mwenzake wa zamu. "Ila usikawie. Msimamizi leo kaamka na kisirani."

Miaka sita nyuma, Verlene na mumewe Thurman walikamatwa pamoja hapo mjini Toledo kwa kuuza kimagendo vidonge vya maumivu. Wote walifungwa, wote wakatoka. Verlene alitoka chini ya uangalizi wa miaka mitatu, na sharti la kumi na moja lilimkataza kuonana au kuzungumza na yeyote aliyewahi kutiwa hatiani, mpaka afisa anayemsimamia amruhusu. Halikumsamehe hata mume. Sasa figo za Thurman zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alisafishwa damu kliniki, vituo vinne vya basi kutoka mahakamani. Alikwenda peke yake, alirudi peke yake.

Mahakamani, wakili wa Verlene, binti mwembamba aitwaye Pruitt, aliomba sharti hilo lifutwe, akaeleza vizuri. Ndoa inalindwa na katiba, alisema. Serikali haiwezi kuitenganisha kwa mstari mmoja wa karatasi. Jaji alisikiliza, shavu juu ya kiganja.

"Katiba haijavunjwa," akasema. "Hajakatazwa kabisa. Ametakiwa kuomba ruhusa tu. Akamwombe afisa wake."

"Mheshimiwa, ameshaomba mara nne."

"Basi aombe ya tano."

Verlene akashuka ghorofa mbili hadi kwa Bwana Haskell, afisa wake. Haskell hakuwa mtu mkali. Alimvutia kiti.

"Mama Stokes, nakuelewa. Lakini huyo ndiye uliyekula naye njama. Nikikuruhusu, mkiharibu, nitaulizwa mimi. Jaji angetaka muonane, si angelifuta hilo sharti leo?"

"Jaji kasema nije kwako."

"Na mimi nakwambia mwenye amri ni jaji."

"Sasa niende kwa nani?"

"Vumilia. Umebakiza miezi kumi na tisa tu."

"Na yeye kabakiza mingapi?"

Haskell alichomoa fomu ya taarifa ya mwezi, akampa. Aijaze, irudi kabla ya saa kumi na moja jioni, alisema.

Verlene hakurudi kazini. Alipanda basi, akashuka kituo cha nne.

Thurman alikuwa amelala kwenye kiti cha kuegemea, mirija mkononi, blanketi hadi kifuani. Alikuwa amekonda akawa kama baba yake mzee. Alifumbua macho.

"Nani kakuruhusu?"

"Nyamaza, utapandisha presha."

"Watakurudisha ndani, Vee."

"Najua."

Alimshika mkono usio na mirija. Ulikuwa baridi. Alimuuliza kama anakula; Thurman akadanganya kwamba anakula. Ilipozimwa mashine ya kusafishia damu, Verlene alimvalisha koti, akamsindikiza hadi kwenye basi lake.

Saa kumi na nusu Verlene alisimama dirishani kwa karani wa ofisi ya Haskell. Fomu iliuliza: mwezi huu umekutana na mtu yeyote aliyewahi kutiwa hatiani? Alikuwa ameandika ndiyo, Thurman Stokes, mume wangu. Palipoulizwa sababu: anaumwa.

Karani alisoma, akashusha sauti. "Mama, una hakika? Naweza kukupa fomu nyingine."

"Hiyo hiyo."

Karani akagonga muhuri, kisha akanyanyua simu kumwita Haskell.