Jicho la Kushoto la Frida

Daktari Francisca alimtambua kabla hajakaa. Mwili ulikuwa umenenepa na nywele zimepakwa rangi, lakini ile namna ya kuvuta kiti kana kwamba kiti kimemkosea haikubadilika. Ndiye yeye. Frida, aliyekuwa jirani yao Mbuba kabla mumewe hajahamishia duka Nyamahanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Daktari mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Frida akamtazama juu mpaka chini, asimjue. Angemjuaje? Alimwacha akiwa katoto ka miaka saba, kamasi puani, kameshikilia kitenge cha mama yake. Sasa ni daktari wa macho wa Mwanza, anayekuja Biharamulo mjini wiki moja kila mwezi kupasua watu kwenye kliniki ndogo ya kukodi.

Mama mwenye kitenge kile ni Eustakia, fundi cherehani wa Mbuba, na jicho lake la kushoto limelala tangu azaliwe. Kope imeshuka nusu, basi, hakuna zaidi. Alishona magauni ya komunyo na sare za shule kwa macho hayohayo, na hakuna aliyerudisha nguo. Kisha mtoto wa Frida wa wiki tatu akafa kwa homa, siku chache baada ya kutolewa nje na kupakatwa na majirani wote, Eustakia akiwemo. Uchungu wa kufiwa ni uchungu, nani atabisha? Lakini Frida hakulia akaishia hapo. Alisimama msibani akanyoosha kidole: "Ni jicho lile! Jicho lililolala halimtazami mtoto bure!"

Ikawa ndiyo imetoka hiyo. Tangu siku ile, mtoto akizaliwa Mbuba, siku ya kumtoa nje wanaalikwa watu nyumba kwa nyumba, na nyumba ya Eustakia inarukwa. Kushona nguo za mtoto ataagizwa. Kumwona huyo atakayezivaa, thubutu! Miaka ishirini na sita hakupakata mtoto wa mtu. Francisca alisomea macho kwa ajili ya kope ile moja. Alipohitimu akamwambia mama yake, njoo nikuinulie, ni kazi ya saa moja tu. Eustakia akakata uzi kwa meno.

"Nikilitengeneza watasema kweli lilikuwa baya," akajibu. "Liache lilivyo."

Na leo huyu hapa Frida, anajishika kope.

"Zimeshuka, daktari. Ngozi imelegea mpaka inanifunika mboni. Lakini sikuja kwa ajili ya kuona." Akapunguza sauti. "Mwanangu Xavery amepata mtoto. Mjukuu wangu wa kwanza! Kila nikienda, mtoto amelala. Mtoto anaogeshwa. Mtoto ana mafua. Hadi juzi nikamsikia mkewe, Happyness, nyuma ya mlango: 'Macho ya bibi yamelala, mimi simpi mwanangu.' Sijampakata hata mara moja, daktari. Baada ya miezi miwili ni ubatizo. Nitakaa na wageni kama mpita njia?" Akaanza kulia.

Francisca akampa kitambaa cha kujifutia. Moyoni alikuwa anacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. Mkuki kwa nguruwe!

"Na isijulikane kabisa," Frida akaendelea. "Nimewaaga kwamba naenda kupimwa miwani. Nataka nionekane nilivyoumbwa. Wakijua nimekatwa, watajua kulikuwa na cha kukatwa."

"Haitajulikana," Francisca akasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Alhamisi akamlaza kitandani, akamchora kwa kalamu juu ya mkunjo wa kope, kama mama yake achoravyo kitambaa kwa chaki, akampiga sindano ya ganzi. Frida alikuwa macho, anasikia kila kitu. Na hapo kisu kikiwa mkononi, tamaa ikamjia Francisca. Milimita mbili zaidi, basi. Milimita mbili, na huyu mwanamke asingefumba macho tena mpaka aingie kaburini. Angelala macho kodo, machozi yanamtiririka, watoto wanamkimbia. Nani angejua? Mkono ulimwasha, kweli ulimwasha.

Ila kila alipotaka kukata alimsikia mama yake kwenye cherehani: kitambaa ukikata kidogo utarudia, ukikata kingi umeharibu, na kilichoharibika hakifichiki. Hasira yake ikapata akili. Frida akiharibika, watu watamhurumia. Francisca hakutaka ahurumiwe hata chembe. Akaanza na kope ya kulia, akakata kidogo, akaacha ngozi ya kutosha, na mshono akaufichia ndani ya mkunjo kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

"Fumbua, mama. Fumba. Fumbua tena."

Jicho la kulia likafumbuka vizuri. Halikuwa jicho la msichana, lilikuwa la Frida yuleyule, kama vile amelala usingizi wa wiki nzima akaamka. Francisca akaweka kisu kwenye sinia. Kisha akaacha Kiswahili, akaingia Kihangaza, lugha ya kwao Mbuba ambayo nesi wake, mwenyeji wa Musoma, hakuijua hata salamu.

"Frida, mimi ni mtoto wa Eustakia, fundi cherehani."

Mwili wote wa Frida ukakauka kitandani.

"Usitikisike. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto bado limelala. Unamjua nani mwenye macho ya hivyo?"

Mashine ya kupima mapigo ikaanza kwenda mbio. Nesi akashtuka, Francisca akamwashiria kwamba hakuna neno.

"Naweza kuishia hapa. Urudi Nyamahanga hivyohivyo, uone watakavyokupokea."

"Mwanangu, nakuomba..."

"Mimi si mwanao. Mwanao aliuawa na homa. Ulijua au hukujua?"

Chozi likatoka kwenye lile jicho jipya. "Nilijua," Frida akanong'ona. "Nilichelewa kumpeleka zahanati. Siku mbili nzima, nilidhani itashuka yenyewe. Ningemwambia nini mume wangu?"

Loo! Miaka ishirini na sita ya mtu, kwa sababu hiyo! Francisca akarudi hatua moja nyuma, mikono hewani isiguse kitu. Alitamani kumpiga kofi, na alikuwa daktari.

"Mama yangu atakuja ubatizo," akasema hatimaye. "Utampa mtoto kwa mikono yako mbele ya watu wote. Na haya uliyoniambia, utayasema kwa mdomo wako."

"Nitasema."

"Apa."

"Naapa kwa huyo mjukuu."

Francisca akachukua kisu, akalitengeneza jicho la kushoto kama la kulia, asizidishe wala asipunguze.

Uvimbe ulikwisha nyuma ya miwani myeusi. Siku ya ubatizo Frida alisimama katikati ya turubai Nyamahanga, miwani ameivua, amependeza, na watu wakawa wanamsifu: umepumzika, bibi; miwani imekufaa, bibi. Hakuna aliyeshuku kitu. Happyness mwenyewe alikwenda kumwekea mtoto mapajani. Eustakia alikaa nyuma karibu na binti yake. Hakuambiwa lolote zaidi ya kwamba wamealikwa, na alikuja na mfuko, ndani kigauni cheupe alichokishona.

Frida akainuka na mtoto. Akatembea mpaka kwa Eustakia, akamweka mikononi mwake. Wazee waliotoka Mbuba walishika vifua.

"Karibu, fundi," Frida akasema kwa sauti, akitabasamu. "Yaliyopita yamepita." Akageuka arudi kwenye kiti chake.

Basi? Ndiyo hivyo tu? Francisca aliruka kwenye kiti, damu imempanda kichwani. Lakini atasema nini? Siri ya mgonjwa ni kiapo, na Frida alilijua hilo vizuri, mjanja yule.

"Frida," Eustakia akaita, bila haraka. "Hebu inama nikuone."

Frida akainama. Angekataaje, na mjukuu yuko kwenye mikono ile? Eustakia akamtazama kope ya kulia, kisha ya kushoto, taratibu, kama akaguavyo upindo kabla ya kumkabidhi mteja nguo yake.

"Mshono wa ndani ya mkunjo," akasema chini kwa chini, wakasikia watatu tu. "Huo nilimfundisha mtoto wangu akiwa na miaka tisa. Kumbe na kope zako zilikuwa na neno?"

Frida akasawijika. "Fundi, tafadhali."

"Waambie wewe ukweli wa msiba ule. Au niwaambie mimi nilichokiona."

Francisca hakuvunja kiapo. Hakuwa na haja.

Frida akanyooka. Akawatazama watu, mmoja mmoja, kwa macho yale mazuri aliyoyalipia, na hakuwa na kope ya kujifichia. "Mtoto wangu hakuuawa na jicho la mtu," akasema, sauti inakatika. "Alikuwa na homa, nami nilichelewa kumpeleka zahanati. Eustakia nilimsingizia."

Xavery, kaka wa yule marehemu, akasimama akamkodolea mama yake macho. Happyness akaziba mdomo. Mzee mmoja wa Mbuba akavua kofia, akaiweka magotini, asijue pa kutazama.

Frida akageuka kwa Eustakia, akanyoosha mikono amchukue mjukuu wake.

"Bado," Eustakia akasema, akamsogeza mtoto kifuani. "Nina miaka ishirini na sita ya kumpakata. Kakae. Nikimaliza nitakuita."