Saba kwa Kumi

Mwalimu mstaafu alikuwa mkono wa birika wa maksi. Miaka thelathini na mitano hakumpa mwanafunzi hata nusu maksi ya huruma, na wazazi waliokwenda kulalamika walirudi wamefyata mkia. Sasa hebu mtazame mtu huyo mezani kwake, kalamu nyekundu mkononi, anamwandikia mkewe kumi kwa kumi kila siku iendayo kwa Mungu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Miezi minne nyuma sufuria ya mafuta ya moto ilimmwagikia mkono wa kushoto, ule unaoongoza kitambaa chini ya sindano. Ngozi ilipona, lakini neva zilikuwa zimeungua, na vidole vikawa kama vya kuazima: vinashika, havisikii. Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali akampa kazi ya nyumbani. Akande kovu kwa mafuta. Asugue vidole kwa pamba, kisha taulo, kisha brashi, ili neva zikumbuke kazi yake. Halafu, macho yamefungwa, apapase beseni la mchele na kutaja vitu kumi vilivyofichwa humo.

"Siku utakayopata saba hapa mbele yangu, rudi kwenye cherehani," alisema dada. "Chini ya hapo sikuruhusu, mama. Sindano haina adabu."

Nyumbani, Mwalimu ndiye aliyeficha vitu na kusahihisha. Wiki tatu, kumi, kumi, kumi. Mama akaanza kuwaambia wateja wake wakae mkao wa kula. Siku ya mtihani aliingia kwa madaha, akafungwa kitambaa machoni, akapata mbili.

Dada alifungua daftari la nyumbani, akautazama ule wino mwekundu, kisha akamgeukia Mwalimu. Naye dada alikuwa mwanafunzi wake zamani.

"Mwalimu, wewe uliyeninyima maksi kwa nukta moja niliyosahau?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake. "Siku ya kwanza alikosa vyote, akalia," alisema. "Sikuweza. Akisema funguo, nami nasema ndiyo, funguo. Hata kama ni kijiko."

Mama alifura. Walipofika nyumbani hata kiti hakukitafuta.

"Umenivika kilemba cha ukoka, tena kwa wino mwekundu. Watoto wa watu uliwaheshimu ukawaambia ukweli. Mimi je?"

Maneno hayo yalimwingia Mwalimu mpaka kwenye mifupa. Kesho yake alirudi kuwa yule yule wa zamani. Mbili. Tatu. Mbili tena, na chini yake, "Ongeza bidii." Mama anasonya, anatumbukiza mkono upya. Siku alipopata nne za halali alipika huku akiimba, na Mwalimu akaosha vyombo bila kuambiwa. Vidole vikaanza kuwasha na kuchonyota. Dada alifurahi kusikia hivyo, akasema neva zinaamka.

Mtihani wa pili ulifanyika chumba kile kile. Vitu tisa viliwekwa na dada, cha kumi Mwalimu aliomba akilete yeye. Mama alipapasa vile tisa kimoja kimoja, akapata sita. Kifungo alikiita sarafu, akajilaumu kwa sauti. Kilibaki kimoja tu, na cherehani yake ilikuwa inakisubiri hicho.

Vidole vilizunguka mchele taratibu, vikaibuka na kitu chembamba cha mviringo.

"Pete," alisema. Lakini hakuiweka chini. Aliizungusha tena, akasita mahali pamoja. "Ina mshono hapa. Ilikatwa, ikaungwa." Siku ile ya mafuta, mkono ulipovimba, daktari alimkatia pete yake ya ndoa, na hakuiona tena. "Ni yangu hii."

Mwalimu ndiye aliyeipeleka kwa sonara ikaungwa. Sonara alikuwa ameisugua mpaka mshono haukuonekana. Yeye mwenyewe, na miwani yake, aliutafuta akaukosa.

"Saba," alisema dada, akimfungua kitambaa.

Mama alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja. "Nimetaja pete, nimetaja na mshono. Nipe basi nane."

Mwalimu alichukua kalamu yake, akaandika saba, akapiga mstari chini.

"Kifungo si sarafu," alisema. "Na wewe ni fundi."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamnyooshea kidole chenye kovu amvishe.