Nguzo ya Msikiti wa Pasha

Tangu lile tetemeko la ardhi, Mzee Rüknettin alikuwa na jibu moja tu kwa binti yake Nurhayat, aliyekuja kumchukua ampeleke Ankara: "Kwanza nikaizungushe nguzo."

Watu wote wa mji wao wa Tokat waliijua nguzo hiyo. Waashi wa zamani waliisimamisha kando ya mihrabu ya Msikiti wa Pasha, nyembamba, ya marumaru, isiyobeba kitu, ili izunguke kwa mkono. Ikikwama, ujue jengo limesogea.

"Ikizunguka, nabaki na mama yako," alisema mzee, maana mkewe alizikwa nyuma ya ukuta wa msikiti. "Ikikwama, nafunga mizigo."

"Baba nawe, kichwa kigumu!" Nurhayat alisema mlangoni pa msikiti, akainama kumfungulia kamba za viatu.

Ndani waliinua macho wote wawili. Kuba lilikuwa palepale juu, kubwa mno, na huoni limeshikwa na nini. Mwanga wa asubuhi uliteremka kutoka madirisha ya juu, ukapita kwenye mayai ya mbuni yaliyotundikwa kati ya taa kufukuza buibui, ukatua kwenye vigae vya buluu. Hakuna kilichovunjika. Nurhayat alikuja na hasira zake, lakini sasa machozi yalimlengalenga.

Mzee aliweka kiganja kwenye nguzo, akapiga bismillahi, akasukuma. Haikwenda. Akatia mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wapi!

"Basi," alisema. "Imekwisha. Seher, mke wangu, nisamehe."

Nurhayat alikuwa ameshinda. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Lakini aliona mabega ya baba yake yanavyotetemeka, roho ikamsuta. Akasogea, akaweka mikono yake juu ya ile ya mzee, akasukuma. Nguzo ikazunguka taratibu, bila kelele.

"Inazunguka, baba. Msikiti haujasogea hata kidogo. Baki na mama."

Mzee aliitazama nguzo, kisha akavitazama vidole vyake.

"Kumbe niliyesogea ni mimi, mwanangu," alisema mwishowe. "Haya, nishike mkono, tukamuage mama yako."