Mgeni Aliyelazwa Juu ya Magamba

Shangazi alifuga nyoka chumba cha nyuma, na binti wa kaka yake alimsaidia. Shangazi alimwita binti huyo Mbona, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. Asubuhi ile mayai ya chatu mkubwa yalikuwa yameanguliwa, na Shangazi alitembea kama bibi harusi. Bwana misitu alikuwa njiani kuchukua makinda ayarudishe porini, ambako chatu wakubwa walibaki wa kutafutwa kwa tochi.

Mbona aliinamia sanduku, akawakagua makinda mmoja mmoja.

“Shangazi, mbona hawa vichwa vyao vidogo hivi? Na madoa haya si ya yule dume mfupi wa dirishani?”

“Wee! Chatu mkubwa na chatu mfupi ni aina mbili, wapi na wapi? Kila dume hufuata harufu ya kwao.”

Hilo kweli. Ila Shangazi alikuwa na desturi yake: nyoka mgeni humlaza juu ya magamba aliyojivua mwenyeji, apate kuizoea nyumba. Yule jike mkubwa alipoletwa alilazwa juu ya magamba ya jike mfupi. Kisha masanduku yakawa yanatengenezwa, akawekwa pamoja na yule dume mfupi. Alikuwa ananukia yule jike jirani, na dume hakuuliza.

Walipokumbushana hayo, Shangazi alikalia ndoo. Akasema chatu ni chatu, msitu haumkagui mtu, na yeye neno lake kwa bwana misitu alishalitoa.

Mbona akataka kujua kama huko porini aina hizo mbili huchanganyika. Shangazi akakiri kwamba hukaa jirani miaka nenda miaka rudi, kila mmoja na wake. Huko hakuna wa kuwatandikia magamba.

“Basi hawa wakikua, watafuata harufu ya nani?”

Mbona akachukua sinia, akaweka gamba la mkubwa upande huu, la mfupi upande ule, na kinda mmoja katikati. Ulimi ukachezacheza. Kinda akaenda kwa mkubwa, akalipitia gamba lote polepole. Halafu akageuka, akaenda kwa mfupi, akafanya vilevile. Wa pili naye hivyo hivyo.

“Watabisha hodi nyumba zote mbili, wazichanganye,” Shangazi akasema taratibu.

Honi ililia nje. Shangazi akajifunga kanga vizuri, akaenda kumwambia bwana misitu kwamba sanduku lake litarudi tupu, na kama ni kugomba, agombe hapo hapo getini.

Mbona hakuinuka. Alikuwa anamweka kinda wa tatu katikati ya sinia.