Safu Ibaki

Meneja alivuta kiti akakaa nyuma ya karani wa kumbukumbu, karibu mno, mpaka mwanamke huyo akasikia harufu ya pipi ya mnanaa mdomoni mwake.

"Fungua orodha ya wafanyakazi wote. Nenda kwenye safu ya majeraha."

Wafanyakazi wa kiwanda hicho cha maboksi walimwita karani huyo Mama Mfumo, kwa kuwa kila kumbukumbu yao iliingia kwenye kompyuta kwa mkono wake. Mtu akiumia, akishafungwa bandeji, alipita kwanza dirishani kwake kuhakikisha ameandikwa. Naye aliwatania: "Tulia, umo ndani ya mfumo. Hata ukifa utabaki humo." Wakacheka, wakaenda zao wamepoa roho.

Safu ikafunguka. Macho yaliyoingia gundi. Mgongo. Kisha mdogo wake wa tumbo moja: vidole vinne vya mkono wa kulia, mashine ya kukatia, kinga ilitolewa ili kazi iende mbio. Mstari huo aliuandika akilia.

"Futa," meneja alisema.

"Nifute safu?"

"Wee! Safu ibaki. Sheria inataka iwepo, na mkaguzi yuko njiani. Futa kilichomo."

"Bosi, huyu mmoja ni mdogo wangu. Fidia yake bado anaihangaikia. Naomba abaki."

"Akibaki mmoja, wataniuliza wenzake wako wapi." Meneja hakupaza sauti. "Na mimi nimeagizwa, dada yangu. Ukishindwa sema, fundi wa kompyuta yupo hapo nje. Atafuta yeye, na wewe utamfuata mdogo wako nyumbani. Halafu mtakula nini, hiyo safu?"

Alimchukia. Alichukia zaidi kwamba mtu huyo alisema kweli, maana nyumba nzima, mdogo wake na watoto wake wakiwemo, ilikuwa imekiegemea kiti alichokalia. Akaichagua safu yote, juu hadi chini. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Hiyo ilikuwa ya kwanza kumuuliza siku hiyo. Akabonyeza. Maneno yakatoweka, kikabaki kichwa cha safu kwa herufi nzito: MAJERAHA KAZINI.

Meneja alipotoka tu, alijaribu kumwandika mdogo wake upya. Mfumo ukakataa. Huyu si mfanyakazi tena, ukamwambia. Kijana aliachishwa kazi akiwa bado kitandani, na hilo nalo aliliingiza yeye.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole, miwani puani. Aliitazama skrini akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safu mnayo. Viwanda vingi hata safu havina. Hongereni."

Meneja akashukuru.

Mdogo wake alikuwa kwenye benchi nje tangu asubuhi, na shati lililopigwa pasi. Alikuwa ametaka kushtaki zamani. Dada yake ndiye aliyemtuliza asubiri ukaguzi, kila kitu kimeandikwa. Alipoitwa aliingia akitabasamu.

"Shikamoo, mzee. Habari yangu imo humo. Dada, mwonyeshe."

Dada akaisogeza skrini. Mkaguzi akainama, akatafuta mstari wake.

"Mbona pako wazi, kijana?"

"Hapana, ipo. Dada?"

Meneja akakohoa.

"Sioni kitu," alisema dada. Hata yeye hakuitambua sauti hiyo.

Mdogo wake akanyoosha mkono wa kulia mezani, gumba peke yake likiwa limesimama. Mkaguzi aliutazama kwa muda, na ilionekana kweli kwamba ulimuuma.

"Mkono nauona, mwanangu. Lakini mkono siwezi kuuambatisha kwenye ripoti."

Akatoa karatasi. Ilisema kwamba mlalamikaji amesikilizwa, na hakuna kumbukumbu yoyote iliyopatikana. Akamwomba atie sahihi.

Kijana hakubisha. Pengine alikuwa bado hajaelewa, au alielewa vizuri mno. Akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, lakini karatasi ikawa inateleza, huku inakwenda, kule inakwenda.

"Dada," alisema bila kumtazama, "nishikie."

Dada akaibana karatasi mezani kwa mikono yake miwili, isitikisike, mpaka mdogo wake alipomaliza kuandika jina.